Godoro Alilokataa Mma Tumo

Siku Seabelo alipoletwa nyumbani ndani ya jeneza, dada yake Basetsana alitandika godoro sakafuni, chumba cha ndani, akamwita Mma Tumo. Kwetu mjane hukaa godoroni mpaka mazishi yaishe. Hagusi chungu wala ufagio.

"Njoo ukae, wifi. Watu wanangoja kusali."

"Sikai. Ng'ombe wanne wa mahari yangu bado wako zizini kwenu."

"Ng'ombe! Miaka ishirini na mbili mmelala kitanda kimoja, leo ndio unakumbuka ng'ombe?"

"Baba yangu akisikia nimekaa kabla mahari haijaisha, atasema nimejioza mwenyewe. Kaa wewe, wewe ndiye damu yake."

Basetsana akakaa. Mma Tumo akajifunga shali kiunoni, akaenda kwenye masufuria kuwasongea waombolezaji ugali wa mtama, akilia hapo motoni ili watu wadhani ni moshi. Mimi jirani yake nilikuwa hapo nikiosha sahani. Nikamsifu! Nikamwambia amefanya la heshima. Mpumbavu mimi.

Seabelo aliendesha greda la serikali mpaka akastaafu, na pensheni yake ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Magoti ya Mma Tumo hayamruhusu tena kufua nguo za watu. Tukasikia sheria imebadilika, kwamba hata asiyefunga ndoa anarithi pensheni, mradi ithibitike aliishi na marehemu kama mkewe. Tukaenda ofisini wanawake watatu, yeye, mimi na Basetsana wa kumshuhudia, tukicheka njia nzima.

Karani wa pensheni alikuwa binti mpole, mzaliwa wa kwetu. Cheti hakuuliza.

"Kwenye msiba, nani alikaa godoroni?"

Tukatazamana. Basetsana alikuwa ameshaapishwa.

"Mimi," akasema. "Lakini ni yeye aliyeniambia nikae!"

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika," Mma Tumo akajibu mwenyewe.

"Mama, mke hapiki kwenye msiba wa mumewe. Na barua ya chifu inasema marehemu hakuacha mjane. Sasa mimi niandike nini?"

Nilipandwa na hasira, nikaanza kumtolea binti wa watu maneno. Mma Tumo akanishika mkono. Akauliza taratibu, kama mtu anayeomba maji kwa jirani:

"Na nikikaa sasa?"

"Sasa, mama? Ameshazikwa."

Mma Tumo akamwomba radhi kwa kumpotezea muda, akashika meza, akainuka.