Mabati ya Buluu ya Mlingotini

Upepo ulioezua darasa la watoto wenye ulemavu pale Mlingotini haukuwa na ubaguzi: uligawa mabati ya buluu kijiji kizima, mwenye nacho na asiye nacho. Wenyeji wakatumia desturi ya ufukweni, kwamba kilichotupwa na bahari ni cha aliyetangulia kukikanyaga. Kwamba safari hii bahari haikuhusika, hilo lilionekana dogo.

Bi Mwanvita, mpika uji wa shule, alikasirika kwa niaba ya watoto. Wafadhili walikuwa wametoa mbao, misumari na fundi. Mabati, waliambiwa, yapo. Fundi angefika Jumatatu, na asipoyakuta angekwenda zake kwenye kazi nyingine Makurunge. Madarasa mengine yana ngazi, na viti vya magurudumu havipandi ngazi. Watoto wangebaki majumbani.

Alianzia kwa Mzee Mbaruku, ambaye banda lake la mbuzi sasa lilipendeza kuliko nyumba yake.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata bati la shule."

"Marahaba. Hilo nililikanyaga mimi, Bi Mwanvita. Mbuzi ni mashahidi."

Kesho yake Bi Mwanvita na Mwalimu Najma, aliyewafundisha watoto hao, wakalihamishia darasa bandani. Bati la shule, basi na shule iwe chini yake. Mbuzi mmoja alikula chaki. Watoto waliomba maji, kisha chai. Mzee alipojinyoosha apate usingizi wa mchana, Amin, mmoja wa wanafunzi, akasogeza kiti chake cha magurudumu hadi dirisha la mzee.

"Babu, mbona mbuzi wana paa na sisi hatuna?"

Kufika alasiri mzee alikuwa amelibeba bati mwenyewe hadi shuleni, akieleza njia nzima kwamba lilikuwa linawatia mbuzi joto.

Siku iliyofuata darasa lilikusanyika nje ya choo cha Bi Raya, kilichoezekwa bati jingine la buluu. Bati lilishuka kabla majina hayajaitwa. Baada ya hapo watu walileta wenyewe, wengine usiku.

Jumapili likapungua moja tu. Lilikuwa juu ya jiko la vitumbua la Bi Mwanvita. Yeye hakuliokota, alilihifadhi, kama amana. Tofauti hiyo alikuwa akiiona yeye peke yake.

Alikuwa akikoroga unga aliposikia magurudumu kwenye changarawe. Amin mbele, Mwalimu Najma na ubao, na nyuma yao Mzee Mbaruku na kigoda chake.

"Na wewe umefuata nini?"

"Elimu haina mwisho, Bi Mwanvita."

"Bibi, leo tunasoma hapa?" akauliza Amin.

Bi Mwanvita akatazama juu, akatazama mafuta yanayochemka.

"Hapa hapasomeki, mjukuu wangu, pana moshi. Mzee Mbaruku, wewe ni mrefu. Weka kigoda, panda."

Mvua ya wiki ile ilimkuta akikaanga chini ya mwavuli. Mzee Mbaruku akapita, akanunua viwili.

"Hiki kina maji."

"Kitafune taratibu," akasema Bi Mwanvita. "Watoto wako pakavu."