Gari za Chini za Fundi Msellem

Ukitaka kumjua Msellem Hafidh, fundi cherehani wa Wete, usimuulize habari za nguo. Za nguo atakujibu kwa mkato, sindano i mdomoni. Muulize habari za gari, na uwe na nafasi, maana atavuta kigoda, atakifuta vumbi kwa kipande cha bitana na kukwambia, "Kaa, yakhe." Hapo ndipo utakapojua kwamba mtu huyu, aliyeshona makoti ya harusi ya nusu ya wanaume wa mji ule, na kanzu za Idi za watu wa kisiwa cha Fundo wanaovuka na vitambaa vyao kwenye mifuko ya plastiki, hajapata kumiliki gari yenye milango minne.

Tajiri hakuwa. Ila aliligundua mapema jambo moja: gari ya spoti iliyokwisha kutumika haikuwa na mwenye kuitaka Pemba. Haipakii magunia ya karafuu, haichukui mama na watoto wake, na kwenye matuta ya barabarani inakwama kama kobe. Anayeiingiza kisiwani huringa nayo msimu mmoja, kisha huiacha nyuma ya nyumba ikawa banda la kuku. Msellem alizijua gari hizo zilipo, moja moja. Alikuwa akienda na kupiga hodi, anawatoa kuku kwa adabu, anazunguka gari mara kadhaa bila ya kusema neno, na mwenye nyumba, kwa kumwonea huruma au kwa kuitaka nafasi yake, humwachia kwa bei ya kitu kibovu.

Ya mwanzo ilikuwa Datsun ya rangi ya haradali. Alikuwa kijana hajaoa. Panya walikuwa wamekila kiti cha nyuma, akakishona upya kwa kitambaa cha suti kilichombakia, kijivu chenye mistari myembamba. Tangu hapo ikawa desturi yake, kila gari aliyoipata aliivisha suti.

Kwa Datsun hiyo ndiyo alimpata Mwanapili. Ulikuwa msimu wa karafuu, na huko Mtambwe majamvi yalikuwa yametandazwa kando ya njia, msichana mmoja anazigeuza karafuu kwa miguu. Mvua ikashuka ghafla, si ya kutoa salamu. Msellem akasimamisha gari, akafungua milango yote miwili, na wakazimimina karafuu mlemle ndani, kwenye viti, chini ya viti, mpaka kwenye kidirisha cha nyuma. Baba yake Mwanapili alipofika mbio na kuziona karafuu zake kavu zimejaa kwenye gari ya mtu asiyemjua, alimtazama kijana yule aliyeroa chapachapa na kuuliza jambo moja tu: "Wa wapi weye?" Harufu ya karafuu haikutoka kwenye gari ile mpaka ilipouzwa. Mwanapili mpaka leo husema, "Miye sikuolewa na mtu. Niliolewa na Datsun, mtu alikuja nayo."

Ikafuata Toyota Selika yenye taa za kujificha, zile zinazoinuka ukiziwasha. Moja ilikataa kuinuka. Mji mzima ukaiita Chongo, na watoto walipoiona ikishuka kuelekea bandarini walifumba jicho moja na kupunga mikono. Msellem hakukasirika. Alikuwa akiwajibu vivyo hivyo, jicho moja kalifumba, na huku anaendesha.

Watu waliuliza sana raha yake ilikuwa nini. Mbio? Hakuwa mtu wa mbio. Kisiwa chenyewe ni kifupi; ukitoka Mkoani ukasema unaikusanya kasi, umeshafika Konde. Yeye alipenda kukaa chini. Alisema kwenye gari ya chini barabara inakujia kama kitambaa juu ya meza, inateleza mpaka mikononi, na weye kazi yako ni kuifuata mistari yake. Akisema hivyo huirudia cherehani yake, kama mtu aliyetoa siri kubwa kuliko alivyokusudia.

Ya tatu ilikuwa Honda nyeusi, na hiyo ndiyo iliyomlea binti yao wa pekee, Suhaila. Ilikuwa chini mno. Kila walipofika kwenye tuta, Msellem alisimama, mama na mtoto wakashuka, gari ikavuka mshazari, pole pole, nao wakalivuka tuta kwa miguu na kupanda tena upande wa pili. Hivyo ndivyo walivyokwenda Chake Chake, hivyo ndivyo walivyokwenda kwenye maziko na kwenye maulidi. Suhaila alidhani ndiyo desturi ya gari zote. Siku alipopanda gari ya mjomba wake, walipofika kwenye tuta alifungua mlango akashuka, na mjomba akaenda zake mpaka mbele ndipo alipogundua kwamba mtoto hayumo.

Siku moja, alipokuwa na miaka saba, akitembea juu ya tuta kashika viatu mkononi, aliuliza, "Baba, na siku nikiolewa nitashuka?"

Msellem alisimamisha gari pale pale juu ya tuta. "Siku hiyo hushuki," alisema. "Siku hiyo nitakuendesha miye mwenyewe, utakaa kama malkia, na hutashuka kwenye tuta hata moja."

Ni maneno tu, mtoto huambiwa mengi. Lakini Msellem hakuwa mtu wa kusema maneno tu. Suhaila alipomaliza skuli, baba yake alimfundisha kuendesha kwa Honda ile ile, kwenye uwanja wa mpira, mpaka akapata leseni. Na alipochumbiwa na Hafiz, kijana wa Konde aliye bwana shamba, Msellem aliiuza Honda, akaenda Unguja, akarudi na ile aliyoitamani maisha yake yote: Toyota nyekundu, ya chini kuliko zote, viti viwili tu, injini nyuma ya mgongo. Wakati wa kuishusha kutoka melini Mkoani, bawaba ya mlango wa kushoto ilipinda kidogo, na tangu siku ile mlango huo ukifunguliwa hulia kama paka aliyekanyagwa. Wa kulia haulii. Springi nazo zilikuwa zimechoka. Ikiwa na dereva peke yake ilivuka tuta kwa shida, ikiwa na watu wawili ilikwaruza. Walipoijaribu kwenye tuta la chini ya nyumba yao Limbani, Mwanapili alisikia chuma kikisaga chini ya kiti chake, akasema, "Aa, hino imenisema mwili."

Viti vyake alivivisha suti nyeupe.

Wiki ya harusi, Msellem yuko uani anaing'arisha, Mwanapili alitoka na sinia la mchele wa kuchagua, akakaa kizingitini.

"Ishakuwa kioo," alisema. "Na Bi Masika atakaa wapi?"

Msellem alichungulia ndani, akavihesabu viti.

Wanaume wote wa kisiwa kile wanajua, tangu wangali watoto wanaokimbilia ngoma, kwamba biharusi hatoki kwao peke yake. Hutoka na somo wake, mwanamke aliyemfunda, na wawili hao hawaachani mpaka mlango wa mume. Msellem alikuwa amehesabu kila kitu: kitambaa cha viti, mafuta, tairi. Alimhesabu baba, akamhesabu binti. Somo, naye ni Bi Masika, alimsahau.

Bi Masika alipoitwa alikuja na mkoba wake, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyewafunda mabiharusi wa Wete mama kwa mtoto. Aliizunguka gari, akainama kwa tabu, akachungulia.

"Bi Masika," Msellem alianza, "nilikuwa nasema, pengine weye ungetangulia na gari ya wanawake."

"Nitangulie? Somo atangulie? Ntakuwa somo wa nani, wa barabara?"

"Basi ufuate nyuma."

"Nyuma ya biharusi hufuata kitanda, Msellem. Miye kitanda?"

Mwanapili alijifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yanatetemeka.

"Na huku nyuma ya viti pana nini?" Bi Masika aliuliza.

"Injini."

"Injini! Mtu kageuza mgongo wake jiko!" Alijiinua, akamtazama vizuri. "Hebu niache nifikiri. Na weye fikiri."

Lakini Msellem alikuwa na la kufikiri zaidi ya hilo, na hakuwa amemwambia mtu. Ukungu ulikuwa umeingia machoni mwake tangu mwaka uliopita, kwanza jicho la kulia, kisha yote mawili. Uzi alikuwa akitungiwa na mkewe. "Nimechoka tu," alimwambia. Gari alikuwa akiitoa saa za asubuhi, kwa njia anazozijua kwa moyo, na kuirudisha kabla watu hawajajaa njiani. Kwenda Konde na mtoto wake ubavuni, siku ya watu wote kumiminika njiani, hata yeye alijua ni hatari gani. Kila usingizi ulipomkataa aliipitia barabara ile kichwani, kona kwa kona, na kila mara alikwama palepale, penye watoto wanaotoka chuo cha Kurani.

Siku ya pili Bi Masika alirudi, akavua baibui lake akalianika kwenye kamba kwa sababu ya jasho, akaenda kunawa miguu kwenye bomba. Msellem alitoka ndani na kulikabili baibui lile.

"Shikamoo, Bi Masika," aliliambia. "Umeamkaje?"

Bi Masika aliisikia ile salamu kutoka kwenye bomba. Hakucheka. Alifunga bomba, akaja taratibu, akakaa kwenye kigoda cha wageni.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Msellem, umeliamkia baibui langu."

Msellem alikaa chini naye. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Mwanapili akitwanga.

"Mwaka jana," alisema mwisho.

"Na barabara?"

"Barabara naijua."

"Sikukuuliza kama waijua."

Msellem alikunja na kukunjua kitambaa chake. "Nilimuahidi mtoto," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. Akamsimulia habari ya tuta, viatu mkononi, na ahadi aliyompa. "Hino ndiyo gari ya mwisho, Bi Masika. Zote nilizopata kuwa nazo zilikuwa njia ya kufikia hino."

Bi Masika alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alilichukua baibui lake, akalivaa, akaenda moja kwa moja ndani walikokusanyika wanawake wakitiana hina, na kutoka uani Msellem akaisikia sauti yake ikijaza nyumba.

"Sikilizeni. Biharusi ataendesha mwenyewe."

Kelele zilizozuka hazikuwa za mchezo. Shangazi mmoja alitaka kujua kama dunia imekwisha. Mwengine alisema watu wa Konde watawacheka mpaka Idi.

"Kazi ya somo," Bi Masika alisema juu ya kelele zote, "ni kukaa ubavuni kwa biharusi mpaka mlango wa mume. Sikufundishwa biharusi akae upande gani. Watu wa Konde wakisema, waambieni Masika kasema mwanzo."

Habari ya macho hakuigusa kabisa.

Suhaila alitoka ndani akaja uani, hina mikononi haijakauka, mikono kaiweka mbali na nguo.

"Baba, na weye? Si ulisema utaniendesha?"

"Miye nimechoka tu," alisema Msellem.

Binti alimtazama. Pengine aliyajua maneno hayo; alikuwa ameyasikia kila mama yake alipotunga uzi. Alikaa karibu na baba yake, bega kwa bega, na hina yake ikaendelea kukauka.

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri na ndoa kufungwa, Bi Masika aliingizwa kwenye kiti cha kushoto na wanawake watatu, wawili wakisukuma na mmoja akivuta. Biharusi aliinua ushungi wake, akakaa mbele ya usukani. Vigelegele vilipasuka. Msellem aliinama dirishani, akanyoosha mkono na kuligusa shavu la mtoto wake, maana kwa kuliona hakuliona sawasawa.

"Gea ya pili ina ukaidi," alisema. "Usiilazimishe. Ingoje."

"Naijua, baba."

Gari ikaondoka, wengine wakaifuata kwa honi na ngoma. Kwa Msellem ilikuwa ni wekundu unaoyeyuka kwenye mwanga wa jua. Alisimama kando ya ukuta wa uani, Mwanapili pembeni yake analia, akawaashiria watu walio nyuma yake wanyamaze. Alisikia gari inateremka. Akasikia gea ya pili inangojwa, na inaingia. Halafu, chini kule penye tuta, injini ikapungua, na msafara wote ukasimama nyuma yake.

Msellem alipiga hesabu. Bi Masika na mwili ule, springi zile. Itakwaruza, au watashuka.

Kisha, katikati ya ngoma iliyosita, ukasikika mlio mmoja wa paka aliyekanyagwa. Mmoja tu. Wakapita watu wakicheka, mmoja wao kwa sauti kubwa kuliko wote, akiwapigia kelele wasimtazame. Injini ikanguruma kwa upole, mshazari, pole pole. Chuma hakikusaga. Mlio ukalia tena, mlango ukabamizwa, na gari ikachukua barabara ya Konde.

"Pana nini huko?" Mwanapili aliuliza, anafuta macho kwa kanga. "Mbona wamesimama?"

"Masika kashuka," alisema Msellem. Aliushika ukuta kwa mikono yote miwili, anausikiliza mlio wa gari mpaka mwisho wake. "Biharusi hakushuka."