Koki Chini ya Jiwe la Kufulia

Wiki iliyopita paipu iliyo chini ya sinki langu ilianza kutema maji, nikamwita fundi. Ni kijana wa hapa hapa Migori, mwenye simu mbili na begi dogo la mgongoni. Alifunga viungo vyote kwa ule utepe mweupe wa siku hizi, lakini kimoja kikakataa kukauka. Basi akatoa kifungu cha katani, akakichambua kwa vidole, akakizungusha kwenye meno ya paipu na kukipaka rangi nyekundu. Harufu ikapanda: katani kavu, rangi ya mafuta, na chuma kilichokatwa sasa hivi. Nikamwambia naenda kuanua nguo. Sikuwa na nguo kwenye kamba. Nilisimama nyuma ya nyumba mpaka aliponiita mara ya pili kwamba amemaliza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu. Baba za wenzangu pale Homa Bay walinuka samaki, au chaki, au sabuni ya Jumapili. Wangu alinuka katani na rangi nyekundu hata akiwa amevaa shati la kanisani.

Nimeianza habari hii mara nyingi na kuiacha. Mimi ni mtu anayependa vitu vikae sawa, na hii haitaki kukaa sawa. Leo nitakusimulia hivyo hivyo ilivyo.

Baba alikuwa fundi wa mifereji. Miaka ile ya tisini nyumba zenye maji ya mfereji upande wetu zilikuwa chache, za walimu, za maofisa na za wenye maduka, na nyingi kati yake yeye ndiye aliyelaza mabomba yake. Hakuwa na ramani ya kazi yoyote. Ramani zote zilikuwa kichwani. Tukitembea pamoja alikuwa akisimama penye ardhi tupu na kuniambia, kama mtu anayenitambulisha kwa jamaa, kwamba hapa chini paipu inapiga kona kwenda kwa daktari. Nilikuwa nikiikanyaga ardhi ile kwa adabu.

Watu walimjia mbio, na karibu kila mara wakati wa chakula. Baba alikuwa akisema maji yana macho, yanaona ugali ukiiva. Mama mmoja alikuwa ameziba ufa kwa unga wa chapati. Mwingine alikuwa amefunga paipu kwa soksi ya mumewe na mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha akamwomba baba sana asimwambie mume. Baba hakuwacheka mbele yao. Alicheka njiani, na mimi nikicheka kwa sababu yeye anacheka. Kisha alikuwa akinifundisha: "Nyathina, mtoto wangu, ukiingia nyumba iliyojaa maji usikimbilie ndoo. Tafuta koki kwanza. Ukishafunga koki, kila mtu anapata akili."

Nilipokuwa darasa la nne alianza kupungua. Kwanza mashavu, kisha mikono. Wazee walisema ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa kwao kule Rusinga. Wengine walisema ni ule ugonjwa, bila kuutaja jina, wakishusha sauti kana kwamba jina lenyewe linaambukiza. Walioitwa ndugu wakaacha kuja kula kwetu. Kazi nazo zikaacha kuja. Mwanzoni sikuelewa kwa nini. Seremala mgonjwa pale mtaani bado alipewa viti vya kutengeneza. Kisha nikipita kisimani nikasikia wanawake wakieleza, polepole, kama watu wanaofundisha hesabu: mkono wake unashika paipu, paipu inashika maji, maji yanaingia kwenye chai ya watoto.

Hata hivyo kila asubuhi mama alimwogesha, akamvisha, akamtolea kiti nje penye jua, na baba alimwomba amwekee mfuko wa spana karibu na miguu. Kama mtu angekuja, angemkuta tayari.

Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Migori kwa kaka yake kuzungumza habari za hospitali, na mimi nikaachwa nimwangalie baba. Jirani yetu wa juu kidogo ya mteremko alikuwa Madam Dorka, mwalimu wangu wa darasa. Nilimpenda Madam Dorka kuliko nilivyojua kusema. Daftari langu nililifunika kwa karatasi ya kalenda kwa sababu yake, na nikikosa hesabu moja kati ya kumi nilikuwa nikilia chooni ili asinione. Yeye alikuwa Msabato, na Jumamosi ile wageni wa kanisani walikuwa wamekuja kula kwake.

Saa saba hivi nilikuwa nikichuma mboga karibu na ua wake niliposikia kelele, viti vikiburutwa, mtu akiita matambara. Madam akatokea mlango wa jikoni, viatu mkononi, gauni lake la kanisani limelowa mpaka magotini. Paipu ya jikoni ilikuwa imepasuka ukutani. Aliponiona akaja upesi mpaka kwenye ua.

"Awuor, kimbia sokoni, pale kwa yule Mswahili anayeuza vifaa. Mwambie anipe fundi wake."

Niligeuza macho upande wa kwetu. Nyumbani kwetu palikuwa hatua hamsini kutoka pale tuliposimama.

"Baba yako mwache apumzike," akasema. Alilisema kwa upole kabisa, na akanishika bega.

Nilielewa. Nataka ujue kwamba nilielewa. Mtoto wa miaka kumi anaelewa sauti kabla ya maneno. Lakini alikuwa Madam, na alikuwa amenichagua mimi, nami nilikuwa mtoto anayefanya anachotumwa mpaka mwisho bila kosa. Nikakimbia.

Njia ya sokoni ilipita mbele ya mlango wetu. Baba alikuwa kwenye kiti, shingo ameielekeza juu kwa Madam.

"Nasikia maji," akasema.

"Wanaosha vyombo, baba. Wana wageni."

"Na wewe wakimbilia wapi?"

"Nimetumwa chumvi."

Alinitazama kidogo. Akasema jua ni kali, nisikimbie sana.

Fundi wa dukani aliitwa Juma, mtu wa pwani, mgeni pale mjini, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na maneno mengi mazuri. Tuliporudi maji yalikuwa yamefika sebuleni na wageni wamepandisha makochi juu ya meza. Mzee wa kanisa alikuwa amekunja suruali na kubonyeza kanga ya mtu kwenye ufa, maji yakimrukia usoni, mke wake akimwambia abonyeze kama mwanamume. Juma alikwenda moja kwa moja kwenye koki ya getini. Ilikuwa imekula kutu miaka mingi. Alipoigeuza ikavunjika shingo mkononi mwake, na maji yakaendelea kana kwamba hakuna aliyefika.

Akasimama, akajifuta uso, akauliza nani aliyelaza paipu hizi. Fundi wa kweli, alisema, haachi nyumba na koki moja. Lazima ipo nyingine, imefukiwa mahali.

Wageni walitazama maji. Madam alinitazama mimi.

"Basi mwiteni mwenyewe aje atuonyeshe," Juma akasema.

"Ni mgonjwa," akasema Madam.

"Mgonjwa wa miguu au wa mdomo? Kama ulimi u mzima, aje hata kwa kubebwa. Mimi nitambeba."

Madam akanivuta kando. Akaniambia nimwulize baba koki iko wapi, nirudi mbio. Nimwulize, alisema. Hakusema nimwite.

Nilipofika nyumbani kiti kilikuwa kitupu. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazi, ile ya bluu, vifungo vyote mpaka shingoni. Kwa wiki nyingi vidole vyake vilikuwa haviwezi hata kushika kijiko vizuri, na sijui ilimchukua muda gani. Labda wakati wote nilipokuwa sokoni. Kifungo cha tatu kilikuwa kwenye tundu la nne, kwa hiyo upande mmoja wa kola ulikuwa umepanda juu ya mwingine. Mfuko wa spana alikuwa ameushika kwa mikono miwili.

"Wamesema nije?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nimeishi na hilo neno. Saa moja kabla nilikuwa nimemdanganya bila taabu, na sasa, pale ambapo uongo mmoja ungemfikisha mpaka jikoni kwa Madam, mbele ya wageni na yule mtu wa pwani aliyetaka kumbeba, nikawa mtoto mkweli. Nikapeleka ujumbe kama ulivyo.

"Wamesema uniambie mimi koki iko wapi."

Aliuweka mfuko chini taratibu. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile ya kazi, kwamba nisimame kwenye kona ya jikoni, nihesabu hatua nne za mtu mzima kuelekea kamba ya nguo, na pale nitakuta jiwe la kufulia. Walisogeze. Chini yake kuna kopo, ndani ya kopo kuna koki. Nigeuze mpaka ikatae. "Ikikataa, irudishe nyuma kidogo tu. Usiiache imebana. Kuna mtu atakuja kuifungua baada yako."

Koki ilikuwepo. Juma alisogeza jiwe, lakini kopo lilikuwa jembamba kwa mkono wake, kwa hiyo niliingiza wangu. Iligeuka laini, ikiwa na grisi, kama kitu kilichowekwa jana. Ilipokataa nikairudisha kidogo. Ndani ya nyumba maji yakanyamaza, na wageni wakapiga makofi. Madam Dorka akanikumbatia mbele ya watu wote, na nitakiri kwamba kwa muda ule nilifurahi.

Juma alipomaliza kubadilisha paipu alisema hatatoka mtaa ule bila kumsalimia fundi mwenzake. Madam akanipa sahani ya wali na kuku, imefunikwa vizuri, nimpelekee baba. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba nisijisumbue kuirudisha sahani, tukae nayo tu.

Baba alikuwa amerudi kwenye kiti, bado na ovaroli. Juma alimpa mkono, akaushika wa baba kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia haraka. Alimwambia koki kama ile hajaiona tangu Mombasa. Akauliza grisi gani ile. Baba akamjibu, na wakazungumza mambo ya kazi muda mrefu, baba akinyoosha kidole huku na huku kwenye ardhi, akimpa yule mgeni mitaa yote, nyumba kwa nyumba. Nilidhani ni maongezi tu. Sikujua kwamba nilikuwa naona mtu akikabidhi.

Juma akaenda. Jua lilikuwa kali, na ovaroli ile ilikuwa nzito kama turubai. Jasho lilimtiririka baba kutoka kwenye nywele. Nilimwambia kwamba kazi imekwisha, hawahitaji kitu tena. Akasema anajua. Nikakaa kwenye kizingiti na kukitazama kile kifungo cha tatu. Mimi, ambaye sikuweza kuvumilia ukurasa uliokunjwa pembe, nilikitazama mchana kutwa.

Mama alirudi jua likikaribia kuzama. Alipomwona alishtuka, akapiga magoti mbele yake bila hata kuweka chini kikapu, akaanza kufungua. Ndani shati lilikuwa limelowa na ngozi ya shingo imechubuka. Alimgombeza kwa sauti ya chini huku vidole vikienda.

"Baba Awuor, tangu saa ngapi? Si ungemwambia mtoto akufungue?"

"Mtoto ametumwa sana leo," akasema. "Mwache."

Baba alikufa kabla ya shule kufungwa mwaka ule, tukamzika Rusinga, na mama akatuhamishia hapa Migori kwa kaka yake. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile alikaa na ovaroli kwa sababu alikuwa bado anangoja waseme aje. Ilinifaa kuamini hivyo, kwa kuwa basi kosa lilikuwa la Madam Dorka.

Lakini kuna jambo sijakuambia, nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo. Tangu likizo ya Aprili mimi nilikuwa na kikombe changu, nimekificha nyuma ya debe la unga. Baba akishagusa mfereji wetu nilisubiri aondoke, kisha nikausugua mpini wake kwa sabuni na majivu, kwa bidii ile ile niliyofanyia hesabu za Madam. Asubuhi moja nilipogeuka nilimkuta nyuma yangu ameshika ukuta. Kuanzia siku ile hakuniomba maji, wala hakuniambia tena nimshike mkono akipanda ngazi ya mlangoni.

Kwa hiyo Jumamosi ile alijua. Vifungo vilikuwa sita, na mikono pekee iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Angeniambia nimfungue, ningefungua, kwa sababu nilikuwa mtoto mtiifu. Lakini kwanza ningesita kidogo, naye angeona, na mimi ningejua kwamba ameona. Akaamua kukaa na joto lake mpaka mama arudi.