Santuri za Mpwa wa Baba

Wivu niliujua mapema, na kwangu ulikuwa na sauti yake: besi nzito, mwangwi unaokwenda na kurudi, na mchakacho kama chumvi iliyotupiwa motoni. Ilikuwa miaka ya tisini. Baba alikuwa amerudi kutoka Ujerumani, alikofanya kazi kiwandani na Wamakua wenzake wa Msumbiji, na sasa tuliishi Mtwara mjini. Rafiki yake mmoja alibaki kule. Kila zilipotoka santuri mpya za muziki wa tekno na hausi, alimtumia baba mbili tatu. Zilifikia kwanza kwa jamaa zao Palma, upande wa Msumbiji, kisha wafanyabiashara wakazivusha mto wa mpakani pale Kilambo.

Zikifika, hazikuwa zangu. Kwao baba, mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Mimi ndiye mwanawe wa kumzaa, nala naye sinia moja, lakini mrithi alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekaa mtaa wa Shangani na kupiga disko kwenye harusi. Huyo alikuja na viatu vinang'aa, akasema, "Shikamoo, Mjomba," akaondoka na santuri kwapani. Nilimchukia jinsi alivyozibeba. Nilichukia hata meno yake.

Mama aliniona. "Na wewe si una mjomba wako Kitaya?" akasema. Kweli ninaye, na mikorosho yangu alishanionyesha. Miti mizuri, sikatai. Lakini nani amewahi kuicheza korosho?

Mjini binamu alisifiwa kupita kiasi. Wazee walinung'unika kwamba spika zake zimekufa na nyimbo hazina mwimbaji, ila vijana hawakutaka mwingine. Nami nilijua zaidi yake! Nilijua kwamba ule mchakacho umetiwa makusudi, kwa kuwa baba aliniambia. Binamu alidhani ni vumbi, akaisugua santuri nzima kwa spiriti mpaka maandishi ya katikati yakafutika. Siku niliyosikia habari hiyo nilicheka peke yangu chooni. Penye miti hapana wajenzi.

Safari moja binamu alishikwa na homa, baba akanituma mimi Kilambo. Nilirudi na santuri moja, nimeikinga kwa kanga ya mama njia nzima ili jua lisije likaikunja. Kufika nyumbani sikungoja hata maji ya kunywa.

"Baba, hii nipe mimi."

"Nikikupa wewe, shangazi yako atasema mama yako kanilisha limbwata. Ndo kwetu hivyo, mwanangu."

"Hata hii moja?"

"Hata hiyo."

Nilitaka kuivunja kwenye goti langu, binamu akose na mimi nikose. Lakini baba alifungua mashine yake ya santuri, akaniambia niweke sindano mwenyewe. Tukasikiliza upande wa kwanza, ambao ulikuwa wa kawaida tu, kisha tukaigeuza. Upande wa pili ulianza na besi tupu, kwa muda mrefu, hata nikaona hakuna kitu humo. Ndipo mwangwi ukaanza kupanda chini kwa chini, ukaijaza sebule. Baba alifumba macho, akaniwekea mkono begani, na mkono ukabaki pale mpaka sindano ilipofika mwisho. Kisha akairudisha santuri kwenye jalada lake na kuniambia niipeleke Shangani.

Nilikwenda. Binamu alikuwa kibarazani, amejifunika shuka, homa imemkausha midomo. Aliipokea, akaligeuza jalada huku na huku kama kawaida yake.

"Mmeshaisikiliza na Mjomba?"

"Tumeisikiliza."

"Enhe, ngoma yenyewe iko upande gani? Jumamosi nina harusi."

Nilimtazama usoni.

"Wa kwanza," nikasema. "Huo mwingine hauna kitu."