Programu Waliyonificha Ndugu Zangu

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kupanga programu za simu katika makundi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi, hapa Dodoma mjini, na tovuti yetu ya Kiswahili iliwaelekeza watu waweke programu gani kwenye simu zao na kwa shughuli gani. Wenzangu walipewa za kilimo na za afya. Mimi nikapewa za kutumiana ujumbe na kupigiana simu kwa siri, zile ambazo hata waliozitengeneza wanaapa kwamba hawawezi kusoma ulichoandika.

Bosi alitaka makundi mawili tu: Ujumbe na Simu. Nikamwambia huko ni kukwepa kazi, maana programu karibu zote zinafanya yote mawili. Msomaji ana shida yake. Mmoja mtandao wa kwao unakatika kila saa, mwingine hataki kutoa namba yake, mwingine anataka ujumbe ukishasomwa ujifute. Hayo ndiyo makundi. Bosi akakuna kidevu, akasema, "Haya, panga unavyotaka, ila zote uzijaribu mwenyewe."

Nikaanza kuzijaribu kwenye simu yangu. Unaweka programu, unaandika namba, unairuhusu isome majina uliyohifadhi. Hapo nyingi zina tabia moja ya umbea: zinakuonyesha ni nani kati ya watu wako tayari yumo, na wao zinawapasha kwamba na wewe umeingia. Nilikuwa nimezoea kukutana humo na fundi bomba na watu niliosoma nao. Jumanne moja asubuhi nikafungua moja ambayo sikuwahi hata kuisikia. Walikuwemo watu watatu tu: Kaka Mkubwa, Dada, na Mdogo Wangu.

Kwetu tumezaliwa wanne. Kaka yuko Dar, dada yuko Morogoro, mdogo wetu wa mwisho anafundisha Singida. Mimi ni wa tatu, nimepanga chumba Mkonze, hapa hapa Dodoma, sina mume wala mtoto, na kila Jumapili nilikuwa nakwenda Chamwino kwa mama, ambaye tangu ateleze penye pipa la maji akaumia nyonga alikuwa anatembea kwa fimbo. Tulikuwa na kundi letu la familia kwenye programu ile ya kawaida inayotumiwa na kila mtu. Miezi miwili lilikuwa kimya. Nilituma picha ya mama akitembea uani, dada akanijibu kesho yake kwa kidole gumba, basi. Nikadhani wametingwa na maisha. Kumbe kundi halikufa, lilihama.

Kabla sijafumba mdomo, ujumbe ukaingia kutoka kwa mdogo wetu. "Karibu dada! Afadhali umeingia. Kaka alituambia ameshaongea na wewe, umekubali kuacha kazi uhamie Chamwino ukae na mama. Mungu akubariki, maana sisi wenye familia tungefanyaje?"

Nilisoma mara tatu. Kaka hakuwa ameongea nami hata neno moja. Na hilo la "sisi wenye familia" lilinichoma kuliko yote. Mimi ni nani, jirani yao? Wangeniuliza ningekubali, hilo nitalisema mbele ya yeyote, mama ni mama yangu na kazi zipo. Lakini kukaa pembeni wakanipangia maisha, halafu mmoja akawaambia wenzake kwamba nimeridhia, hilo sikulisamehe siku ile na sijalisamehe leo.

Jioni ile niliongeza kundi jipya kwenye tovuti: Za Kumficha Ndugu Yako. Chini yake nikaweka programu yao, nikaandika: "Inafaa kwa familia zenye jambo la kumficha mmoja wao. Angalizo: huyo mmoja akijiunga, wote mnaumbuka." Bosi alisoma, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniambia niondoe. "Sisi tunapanga programu, hatupangi watu." Nikaondoa. Moyoni sikuondoa kitu.

Sikumpigia kaka kumfokea. Kaka ukimfokea umempa zawadi, anapata la kuwaambia wengine: mnamwona alivyo? Nilitaka akwame mahali ambapo hawezi kujibu, na watu wanamtazama. Nikamjibu mdogo wetu kwa sauti ya asali: "Asante mdogo wangu. Jumapili nitamweka na mama humu. Tuingize wote wawili kwenye kundi, kaka kasema." Kaka hakusema. Ila kama yeye aliweza kunisemea mimi, mimi pia nina mdomo.

Jumapili nikaenda Chamwino na simu yangu ya zamani ya kupangusa. Mama alikuwa amekaa barazani anachambua mlenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona leo mapema?"

Nikaitoa laini kwenye simu yake ya kitochi, nikaiweka kwenye ile yangu, nikamsajili. Huku nikifanya hivyo nikamwambia kwamba watoto wake wana kundi wanamozungumza habari zake, na kwamba kaka mkubwa anataka akaishi kwake Dar, ila anaona haya kumwambia. Uongo huo ulitoka bila kukwaruza.

Mama aliacha mlenda. "Kasema hivyo?"

"Kasema."

Uso ulimchanua mpaka nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mdogo wetu akatuingiza kundini. Nikamwonyesha mama namna ya kushikilia kitufe na kuongea. Akaisogeza simu mdomoni kama anayepuliza moto, akawasalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi wanangu. Nimesikia habari zenu, nimefurahi. Mwanangu wa kwanza, Mungu akuzidishie. Nakubali, nitakuja kwako. Njoo unichukue." Akaachia kitufe, sauti ikaenda.

Nikakaa naangalia. Dada akasikiliza. Mdogo wetu akaandika Amina. Kaka akasikiliza. Programu ikaonyesha kwamba anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena, ikaacha. Asuke au anyoe. Angemwambia mama "sikukuita" mbele ya watoto wote? Sitadanganya: sijawahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia dakika zile. Mwishowe akaandika, "Karibu sana mama." Hapo hapo akanipigia mimi. Sikupokea. Akapiga tena. Nikaifudikiza simu, nikamsaidia mama kuchambua mlenda.

Kaka alikuja Jumamosi iliyofuata, peke yake na gari. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, ameaga majirani wote, na amemweleza hata mchungaji kwamba mwanawe amemwita. Nikamsalimu kaka shikamoo kwa adabu zote. Marahaba yake aliitoa akiangalia matairi. Tulipokuwa tunapakia mizigo akaninong'oneza, "Umefurahi?"

"Sana," nikamwambia. "Kama ulivyofurahi uliponisemea."

Akafunga buti kwa nguvu, mama akashtuka.

Kama mwezi hivi ukapita. Asubuhi moja nikiwa ofisini mama akanipigia simu ya video. Nusu ya uso ilionekana, nusu ilikuwa ukuta mweupe. Akauliza mvua, akauliza mbuzi wake waliobaki kwa jirani, akauliza kama nakula. Halafu akashusha sauti.

"Kaka yako jana kaniambia hajawahi kuniita. Kasema yale yalikuwa maneno yako."

"Yalikuwa yangu, mama."

Nilisubiri anilaani. Hakunilaani.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Tangu aoe hajaniita hata Krismasi. Ila nilitaka niamini kidogo."

Kisasi nilichokuwa nakilamba mwezi mzima kikageuka shubiri. Kaka bado ni mwongo, na bado anastahili kila alichopata. Lakini aliyekaa peke yake mbele ya ukuta ule hakuwa kaka.

"Hapa chakula kipo," mama akaendelea. "Asubuhi wanaondoka wote, nabaki na televisheni. Sasa mwanangu, mimi ndiye nakuuliza, si wao. Utakuja unichukue tukae Chamwino, mimi na wewe?"

Mbele yangu makundi yangu yalikuwa wazi kwenye kompyuta. Yalikuwa saba, yamenyooka, na bosi alikuwa ameniahidi kunipa tovuti nzima niipange. Nilifungua mdomo nikijua jibu ni ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimelitangaza kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza.

"Nipe siku mbili, mama," nikasema. "Nifikirie."

"Haya," akasema. Akaanza kutafuta mahali pa kubonyeza ili akate simu, na alichukua muda kupaona.