Serventi Mwenye Spana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda kidogo cha barafu ya samaki huko Mosimboa, shefe, yaani mkuu, wa utumishi hakuniuliza najua nini. Aliuliza, "Una klasi ngapi?"

"Darasa la saba, shefe. Nilisomea Mtwara, kwa mjomba."

"Ya Tanzania hiyo. Hapa haihesabiki."

Akaniandika serventi, yaani mtu wa kufagia na kubeba. Nikapewa fagio. Fundi aliyekuwapo alipohama, nikapewa na spana, kwa sababu kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya baridi, ilikuwa inanisikia. Fagio hawakuninyang'anya, wala mshahara wa fagio.

Baadaye nikahamia Vamizi, kwenye hoteli ya wageni. Mkuu wa matengenezo aliwasha jenereta, akaniambia nisikilize. Nikamwambia, "Inakunywa mafuta vibaya." Kesho yake nikaanza kulipwa kama fundi, na habari za cheti hakuzitaja hata siku moja. Sasa ninyi vijana nisaidieni: mtu ni yuleyule, masikio yaleyale.

Mkataba ulipokwisha nikarudi kiwandani, nikamkuta mkurugenzi mpya.

"Mzee Saidi, bila klasi ya kumi utabaki serventi mpaka ustaafu."

Neno hilo liliniuma. Nilitaka niitwe fundi kwenye kiwanda kilekile kilichonipa fagio. Nikaenda shule ya watu wazima kila jioni, nikakaa dawati moja na shemeji yangu, nikahangaika na Kireno na historia mpaka nikafaulu. Swali la kompresa halikutoka.

Mkurugenzi akanipa mkono. "Hongera, sasa wewe ni tekniko." Yaani mtaalamu wa mashine mwenye cheti. Mshahara ukapanda, nikapewa meza. Wiki hiyohiyo mashine ikaanza kukohoa, nikainuka na spana yangu.

"Kaa, Mzee. Tekniko hashiki spana. Hiyo kazi ya serventi."

Nikakaa. Nilifurahi na niliona uchungu, vyote pamoja, na mpaka leo sielewi kama walinipandisha au walinitoa kwenye kazi yangu. Miaka yangu ya mwisho niliimaliza nikiisikiliza mashine yangu kupitia ukuta.

Juzi binti yangu Atija, mwenye klasi ya kumi na mbili, alikuwa anajaza karatasi za kuomba kazi Palma.

"Baba, wanauliza kazi ya baba. Niandike serventi, fundi au tekniko?"



"Andika mstaafu," nikamwambia. "Hiyo tu ndiyo niliyoipata kiwandani bila kuulizwa klasi."