Kwaheri ya Kapteni

Mtaani hawakumjua kwa sura, lakini akifungua mdomo tu kuuliza bei ya nyanya, watu hugeuka. "Kapteni!" Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyemwingizia sauti ya Kiswahili kapteni wa chombo cha angani, katika tamthilia iliyofagia watu barabarani kila Jumapili saa kumi. Kwenye kioo alionekana mwanamke mwingine, mrefu, wa nchi za mbali. Yeye alikuwa kwenye chumba cha studio kilichobandikwa magodoro ukutani, kikombe cha maji ya uvuguvugu pembeni, akikodolea macho midomo ya yule mwanamke ili waanze pamoja na wamalize pamoja.

Mtazamaji wake mkubwa alikuwa mama yake, ingawa hakuna alichokitazama. Macho yalimwisha kabla kipindi cha kwanza hakijaonyeshwa. "Mwenye macho haambiwi tazama," bibi kizee hutania, "lakini mimi naambiwa, tena na mwanangu."

Mwaka jana meneja wa studio alimwita. "Dada, tunataka kuweka akiba ya sauti yako. Siku ukishikwa na mafua, kazi isisimame."

Mafua! Siku nne alisoma sentensi elfu tatu. Akacheka kicheko cha furaha, cha dharau na cha kulazimisha. Akalia, akakohoa, akahema kama mtu anayekimbizwa. Alijitoa kwelikweli, maana kulipua kazi hakukujua. Wakampa karatasi, akatia sahihi bila kuisoma, kisha akawapa mkono mmoja mmoja na kuwashukuru. Alijipalia makaa mwenyewe.

Hawakumwita tena. Msimu wote wa mwisho ilisema kompyuta, kwa sauti yake, mpaka na ule mluzi mdogo unaopita kwenye mwanya wake kila akitamka "s". Alipokwenda kuuliza, mlinzi aliyezoea kumpigia saluti ya utani alimwambia, bila kumtazama, kwamba jina lake halimo kwenye orodha. Mwizi wa kuku ana haya, humchinja gizani akafukia manyoya. Hawa walimwacha jogoo wake awike hadharani kila Jumapili, na watu wakamsifu yeye kwa kuwika.

Hakumwambia mama. Kila asubuhi alibeba mkoba akatoka kama kawaida, akaenda kushinda kwa mdogo wake mshona nguo, akimsaidia kukata nyuzi. Haikuwa aibu tu. Alikuwa na tumaini moja, la kitoto ukipenda: kwamba Jumapili moja mama atainua kichwa na kusema, "Huyu si wewe." Sikio lililomsikia akilia siku ya kwanza duniani litadanganywaje na mashine? Dunia nzima na idanganyike, alijiambia, mama akijua yatosha. Jumapili kumi na moja zikapita, na bibi kizee alitikisa kichwa kwa raha tu. Ikabaki moja.

Siku ya sehemu ya mwisho alimsogezea mama kiti karibu na televisheni, akakaa chini miguuni pake. Chombo kilitua kwenye dunia kilichoitafuta miaka yote hiyo. Kapteni, nywele nyeupe sasa, akasimama mlangoni akiwaangalia wachache waliobaki.

"Zimeni mitambo, wanangu. Safari imekwisha."

Maneno ya kuaga alikuwa akiyangoja tangu ujana wake. Hakujua yatakuwa yapi, lakini alijua atayasemaje: polepole, kama mtu anayeona haya kushinda. Mashine iliyasema hivyohivyo, tena vizuri. Laiti ingeharibu! Akaionea wivu sauti yake mwenyewe. Akamgeukia mama.

Mama alikuwa analia.

"Mwanangu," alisema, akijifuta kwa ncha ya khanga, "miaka yote hii, leo ndiyo umesema. Sauti imekurudia kama ulipokuwa msichana."

Alitaka kumwambia.

"Hebu nisemee tena hapo mwisho," mama akaomba. "Nisikie kwa karibu."

Labda ndiyo nafasi yenyewe, alifikiri. Sasa atasikia tofauti.

"Zimeni mitambo, wanangu." Sauti ilimkwama, ikatoka inakwaruza. "Safari imekwisha."

Mama akampapasa bega.

"Aa, sivyo, mwanangu," alisema kwa upole. "Sema kama ulivyosema kule."